Pinki ya Mwalimu wa Kemia

Shule yetu ilikuwa na jengo la maabara. Hilo lazima niliseme mapema, maana wageni waliokuja kukagua walipiga nalo picha na kuondoka wameridhika. Wazazi walichangia matofali, mabati yakaletwa, fundi akajenga meza ndefu za saruji na kuacha mashimo ya sinki. Sinki hazikuja. Mabomba hayakuja. Kemikali ndiyo usiseme. Mpaka nafika kidato cha nne tulikuwa tunahifadhi humo mahindi ya chakula cha mchana, na panya ndio waliokuwa viumbe pekee walioifaidi sayansi ya kata yetu.

Shule ipo upande wa Isikizya, katikati ya mashamba ya tumbaku. Walimu walikuwa wachache na kila mmoja alikuwa na kichaa chake, kwa sababu mahali kama pale ukikaa bila kichaa kidogo unaomba uhamisho kabla hujamaliza kufungua begi. Mkuu wa shule alifundisha uraia akiwa na redio ndogo mfuko wa shati. Ikifika taarifa ya habari alinyamaza katikati ya sentensi, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea palepale alipoachia kana kwamba sisi ndio tuliokatika. Madamu wa Kiingereza alifuma vitambaa vya makochi darasani. Mtu akisoma kwa sauti, sindano ya kroshia ilikwenda, akikosea, ilisimama. Madamu hainui macho wala hasemi kitu. Nimechapwa fimbo maishani mwangu, na bado nasema heri fimbo kuliko ile sindano iliyosimama.

Lakini mwalimu ninayemkumbuka kila siku, kwa mapenzi na kwa uchungu, ni wa kemia.

Alikuwa mwembamba, mwenye koti jeupe la maabara alilotoka nalo chuoni. Alilifua na kulipiga pasi kila wiki, na pindo lake lilikuwa na madoa ya rangi ambayo hayakutoka kamwe, kwa sababu Jumamosi mwalimu wetu alikuwa mchoraji wa mabango. Mabucha, mashine za kusaga, saluni, vinyozi: toka kwetu mpaka barabara ya Tabora mjini hakuna kinyozi ambaye ukuta wake haukupitiwa na mkono wake. Vichwa vyote alivyovichora, vya kiduku na vya upara, vilikuwa na sura moja, na sura hiyo ilifanana na mkuu wa shule. Tulimtania kwa hilo. Alicheka, akasema uso ni kazi ngumu, yeye mapenzi yake ni rangi.

Na kweli alizipenda. Alikuwa anaweza kusimamisha somo la asidi ili atueleze tofauti ya kijani cha majani ya mihogo na kijani cha majani ya tumbaku. Kanuni ya shule ilitaka afundishe kwa Kiingereza, na alijitahidi, ila ilipofika kwenye rangi Kiingereza chake kiliisha, akaingia Kiswahili kama mtu anayevua viatu.

Basi, kwa kuwa vifaa havikuwepo, alitufundisha vitendo kwa mdomo. Alisimama mbele ameshika kalamu wima mkono wa kushoto. Hiyo ilikuwa bureti, mrija wa kioo wenye koki chini, wa kudondoshea kemikali kwenye chupa mpaka rangi ibadilike. Mkono wa kulia alishika chupa tupu ya maji. Nasi tulishika kalamu zetu, darasa zima, mikono juu.

"Fungueni koki," alisema. "Polepole. Tone. Tone. Tikisa. Una haraka ya kwenda wapi wewe? Tone."

Tulidondosha matone yasiyokuwepo, tukatikisa chupa zisizokuwepo. Halafu sauti yake ilishuka.

"Sasa angalieni. Inakuja. Ilikuwa nyeupe kama maji, sasa inakuja. Pinki, wanangu. Siyo pinki ya kubabaisha. Pinki ya kitenge cha mama wa bibi harusi. Pinki inayomfanya mtu ageuke barabarani. Ikija mtaijua, hamtaulizana. Fungeni koki."

Tulifunga. Nakuapia tuliiona. Kijana mmoja tu hakuiona, mtoro aliyekaa nyuma, ambaye siku alizofika alilala.

Mimi nilikuwa na sababu kubwa ya kutazama kuliko wenzangu. Nilitaka uuguzi. Zahanati yetu ilikuwa na muuguzi mmoja, na siku akisafiri kufuata dawa wajawazito walikaa kwenye benchi wakimsubiri kama wanavyosubiri mvua. Nilitaka niwe wa pili. Baba, ambaye jambo zito hulisema kwa Kinyamwezi, aliniita uani akaniambia kwamba nikifaulu kemia atauza ng'ombe niende chuo. Nisipofaulu, bani lipo. Bani ni nyumba ya kukaushia tumbaku kwa moto wa kuni. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa naichuma tumbaku, na anayeichuma ikiwa na umande anajua: utomvu unaganda mikononi mweusi kama lami, kichwa kinauma, unatapika shambani na kuendelea na mstari. Sikuhitaji baba arudie.

Mtihani wa vitendo hatukuufanyia kwetu, kwenye mahindi. Tulipakiwa kwenye lori la tumbaku tukapelekwa shule moja ya mjini yenye maabara ya kweli. Mwalimu alikuja nasi amevaa koti lake. Getini akazuiwa, maana mwalimu wa somo haruhusiwi kukaribia. Hakubishana. Alituambia tusikimbizane na saa, akabaki amesimama kivulini kwa mlinzi, mikono mfukoni.

Ndani, kwa mara ya kwanza nilishika kioo. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyowaza, na koki ilikuwa laini hata nikaogopa. Nilifanya kila kitu alivyotufundisha. Tone, tone, tikisa. Mikono yangu haikutetemeka. Ilikuwa imeshafanya jambo hilo mara nyingi hewani. Ikafika mahali kitu kikabadilika ndani ya chupa. Kilikuwa kidogo mno, nikadhani ni kivuli cha kidole changu. Nikainua chupa kwenye mwanga. Kilikuwepo, na hakikuondoka nilipotikisa.

Nikajiambia, hii siyo. Hii ni ya kubabaisha. Nikafungua tena koki.

Meza nzima ilifungua tena koki. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na sisi tulingoja. Halafu ikaja. Sijui nieleze vipi furaha ile. Ilikuwa vilevile alivyosema, ya kumfanya mtu ageuke, imejaa chupa nzima. Msichana wa pembeni yangu aliziba mdomo kwa kiganja. Msimamizi, mama mmoja mwalimu wa kutoka shule nyingine, alipita nyuma yangu, akaitazama chupa yangu, akashusha pumzi na kuendelea mbele. Nilidhani naye imempendeza. Nikarudia jaribio kama karatasi ilivyotaka, na kila mara nikaisubiri mpaka ikolee.

Tulitoka kama watu waliotoka harusini. Mwalimu alitusogelea getini akatuuliza mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, "Umeiona?"

"Nimeiona, mwalimu."

"Ilikuwaje?"

"Kama ulivyosema."

Macho yake yalijaa machozi, akageukia upande wa barabara kama anayetafuta lori. Akatununulia karanga. Njiani tuliimba. Yule mtoro peke yake hakuimba. Alisema ya kwake haikufika huko. Ilibadilika kidogo akaacha, alikuwa amechoka kusimama. Tulimcheka mpaka tunashuka.

Matokeo yalipotoka, kemia tulifeli. Msichana aliyeziba mdomo alifeli, mimi nilifeli, waliokaa mbele na wa katikati walifeli. Mtoro alipata C. Tukadhani mtandao umekosea, tukangoja warekebishe. Hakuna aliyerekebisha kitu.

Aliyenieleza ni binti wa mjomba, anayesoma mjini kwenye shule yenye vifaa. Alikuja kututembelea, tukawa tunamenya viazi, nikamsimulia ile pinki. Hakuacha kumenya. Aliniambia kwamba unafunga koki ukiona rangi ya kwanza tu isiyoondoka, ile hafifu kabisa. Ikikolea umeshazidisha matone, hesabu zote zinazofuata ni uongo. Alisema kila mtu anajua hivyo. Kila mtu! Niliangalia kisu mkononi mwangu na sikujua nakifanyia nini.

Nimejiambia mara nyingi kwamba huenda tungefeli hata bila ile. Nadharia yetu nayo ilikuwa ya kuokoteza. Huenda. Lakini mimi niliinua chupa kwenye mwanga na jibu lilikuwemo, nikalitazama kwa macho yangu mawili, nikalikataa kwa sababu halikuwa zuri vya kutosha. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu sijui kwa nini alizaliwa mapema hivi na hataki kutoka nyumbani.

Baba hakunigombeza. Alisema kesho tunaanza kufunga majani ya tumbaku kwenye fito za bani. Afadhali angenigombeza.

Mwalimu nilikutana naye Jumamosi moja, anapaka ukuta wa saluni pale senta. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kugeuka, kisha akageuka.

"Mwanangu," akasema, "mimi yale matokeo siyaelewi. Ninyi si mliiona?"

Sikuwa nimekusudia kumwambia. Nilikuwa nimetumwa chumvi. Lakini mikono yangu ilikuwa na ile lami ya tumbaku, na nilikuwa nimechoka kuibeba siri peke yangu. Nikamwambia yote: ile hafifu ya kwanza, na kwamba hapo ndipo koki inapofungwa, na kwamba tulipita.

Alikaa juu ya ndoo ya rangi. Mwenye saluni akatoka kumtazama, akarudi ndani.

"Chuoni tulikuwa wengi," akasema. "Kifaa kilikuwa kimoja. Nilikuwa nyuma, nimesimama juu ya stuli ya mtu. Mkufunzi akainua chupa ili tuone wote. Nikaiona. Pinki."

"Alipoinua ilikuwa imeshakolea, mwalimu."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Usingeweza kujua."

"Miaka yote hii," akasema. Akachovya brashi, akaiangalia, akaifuta kwenye ukingo wa kopo na kufunika kopo. Ukuta aliuacha nusu.

Nilirudi nyumbani nikijifariji kwamba angalau wanaofuata watapona. Ndiyo faraja niliyokuwa nayo, nikaitunza kama mbegu. Nikaenda Kaliua, nikapata kazi kwenye duka la pembejeo, na huko nipo mpaka leo, nawauzia wakulima dawa za tumbaku. Wateja huniita daktari, na mimi huitika.

Mwaka huu mdogo wangu yupo kidato cha nne. Nilikuja nyumbani wikiendi iliyopita nikamkuta mkekani na daftari la kemia. Nikamuuliza mwalimu wetu yuleyule anawafundishaje. Akasema anaandika ubaoni kutoka kitabuni, wao wananakili, kengele ikilia anaondoka. Yeye hawageukii. Darasa lote linajua ni mpole, na ni somo linalowapa usingizi kuliko yote.

"Vitendo je?"

"Ameandika."

"Rangi inabadilika kuwa gani?"

Akatafuta kwenye daftari. "Hapa ameandika tu inabadilika rangi. Tulimuuliza ni rangi gani. Akasema yeye hajui, tutaiona wenyewe siku hiyo."

Nilikaa mkekani karibu yake. Nilijisikia kama niliyemzika mtu kwa mkono wangu. Nikamwambia mimi ninajua, aandike. Ni pinki, lakini hafifu. Hafifu sana. Ukiiona tu, funga koki.

Akaandika. Kisha akainua uso.

"Hafifu kama nini, dada?"

Nikatafuta. Nilipitisha kichwani vitenge, maua, maji ya kusuuzia, midomo ya watoto, na kila nilichokipata kilikuwa na rangi nyingi kupita kiasi. Mwalimu yule, enzi zake, angelipata neno hilo kabla ya kuvuta pumzi.

"Kama haipo," nikamwambia.

Alinitazama, kalamu mkononi.

"Sasa kama haipo nitaionaje?"