Simu Iliyoniambia Kila Kitu Kiko Sawa

Siku niliyoweka kiatu cha mtoto juu ya meza ya muuza simu, mwanangu, naikumbuka mpaka mikwaruzo ya kioo cha meza ile. Ilikuwa Jumanne asubuhi, hapa Baraka. Neema wangu, mwaka mmoja na miezi miwili, alikuwa mgongoni. Nilikuwa nimetoka kumwogesha, na nilipoufuta mguu wake wa kushoto niliona kisigino kimeanza kupanda na vidole vinaangalia ndani tena, kama siku aliyozaliwa. Sikumaliza hata kumpaka mafuta.

Papa Boni, muuza simu, aliponiona naingia alicheka kabla sijafungua mdomo.

"Mama Neema, tena? Nilikuambia uvumilie. Mise à jour ya simu iko njiani. Huku ni Baraka, haiko Ulaya."

Wateja wakacheka naye. Mmoja akasema labda hiyo programu mpya imekosa boti kule Uvira.

Hapo niliishiwa na uvumilivu. Nilichukua kile kiatu chenye chuma, nikakiweka juu ya kioo, katikati ya simu zake.

"Papa Boni, unaona hii? Mutoto analala nayo ili miguu isirudi kupinda. Mguu umerudi. Sasa uniambie mbele ya hawa batu: iko njiani tangu mwezi gani?"



Sina mvi, mwanangu. Nina miaka ishirini na nne na diploma ya sekondari. Lakini ujinga nilioufanya umenizeesha, na sitaki wewe uurudie, kwa hiyo leo nakaa kwenye kiti cha wazee bila kuomba ruhusa.

Neema alizaliwa na miguu iliyopinda ndani. Tulimpeleka Bukavu, wakamfunga plasta moja baada ya nyingine, kila wiki wakinyoosha kidogo, kisha wakampa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, vya kulala navyo. Bukavu si jirani. Ni boti, ni gari, ni siku nzima za barabara ambayo wewe mwenyewe unaijua. Kwa hiyo yule mama anayetibu viungo kule aliniambia nimtumie picha za miguu kila Ijumaa kwa simu, naye angenieleza wapi nikaze, wapi nilegeze, lini nibadilishe kiatu. Simu niliinunua kwa sababu hiyo tu. Mpya, ndani ya plastiki yake. Niliionyesha kwaya yetu nzima.

Miezi mitano ilikwenda vizuri. Ijumaa moja ile sehemu ya kutumia ujumbe ikakataa kufunguka. Ikaandika kwamba simu yangu ina programu ya zamani, niweke mpya kwanza. Nikaenda kwa Boni. Akasema programu mpya zinachelewa kufika, nisubiri. Nikasubiri.

Na nilijiona mimi ndiye mkosaji. Unajua tunavyoishi hapa: unawasha mega za intaneti, unatuma ujumbe, unazima mara moja kabla simu haijazila zote. Na kila maandishi yaliyojitokeza kwenye kioo niliyabonyeza "Baadaye" bila kusoma. Nikajiambia labda hiyo programu ilikuja ikapiga hodi, ikakuta nimezima. Basi nikapanda pikipiki mpaka Lusenda, kwenye jengo moja karibu na kambi ya wakimbizi ambako mtandao unashika bure ukikaa chini ya ukuta. Nilikaa pale saa tatu nzima, mtoto analia, mama mmoja Mrundi akinikingia jua kwa kikwembe chake. Simu ikatafuta, ikatafuta, kisha ikaandika: programu yako ni ya kisasa. Nilirudi mara mbili zaidi. Ikaniambia vilevile.

Utaniuliza kwa nini sikuazima simu ya mtu nikatuma hizo picha. Niliona haya. Nilikuwa nimejisifu sana kwenye kwaya. Ningeanzaje kumwomba mwenye simu iliyopasuka kioo, mimi mwenye mpya? Na kila nilipotaka kuomba, nilikumbuka kwamba Boni amesema ni wiki hii. Ndivyo wiki saba zilivyopita, mwanangu, juu ya haya yangu na mdomo wa Boni, na mguu wa mtoto ukawa unarudi ndani kidogo kidogo.

Kati ya waliokuwa dukani Jumanne ile alikuwamo mwalimu Asende, mzee aliyenifundisha fizikia, ambaye sasa anatengeneza redio na simu. Aliichukua simu mkononi mwangu, akachukua na kiatu, akaniongoza mpaka mezani kwake ng'ambo ya barabara.

"Kwaya yenu mulishona nguo ya Pasaka, si ndiyo?" akaniuliza. "Fundi alikata bikwembe byote siku moja?"

"Hapana, mwalimu. Alishona ya mama mwenyekiti kwanza, akamvalisha."

"Juu ya nini?"

"Angekosea shingo, angeharibu za wote."

"Njo vile hata kwa simu."

Akanieleza taratibu. Wanaoandika programu wanatoa karatasi moja ya kukatia, ya dunia nzima. Wanaotengeneza ubongo wa simu wanaipima kwanza kwao. Kisha wenye jina lililoandikwa nyuma ya simu wanaikata upya kwa kila aina wanayouza, maana kamera ya hii si ya ile, na mahali pengine kampuni za mtandao nazo zinataka kuijaribu. Hata ikiwa tayari haitumwi kwa wote siku moja. Inakwenda kwa wachache, wanasikiliza kama kuna simu iliyokufa, ndipo wanaongeza wengine. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi.

"Kule kuchelewa ni kazi inafanyika," alisema. "Boni hakudanganya hapo. Lakini kama fundi alishafunga mashine yake, we unangojea nguo gani?"

Akafungua ndani ya simu, mahali ambapo sikuwahi kufika, akanionyesha tarehe ya mwisho ambayo simu ile ililetewa kitu. Mwanangu, tarehe ile nilikuwa bado navaa sare ya shule. Walioitengeneza waliacha kuishughulikia kabla sijajua kama nitazaa. Ilikaa depo miaka, kisha ikaletwa kwetu na plastiki yake. Na ilipoandika kwamba ni ya kisasa, maana yake ilikuwa kwamba hakuna kingine itakacholetewa.

"Nilikupa themanini kwa fizikia," mwalimu akasema. Hakupandisha sauti. "Wiki saba umekaa chini ya ukuta, haukuuliza nani anatuma, wala kama anatuma bado. Na mimi niko hapa, simu yangu iko hapa. Uliona haya juu ya kioo, mutoto akalipa kwa mguu."

Nililia. Hakunibembeleza. Alipiga picha za miguu yote miwili, akazituma kwa simu yake. Jibu la Bukavu lilifika kabla ya adhuhuri: kushoto kumerudi, muje, tunaanza plasta tena.

Nilivuka barabara. "Ulijua?" nikamuuliza Boni.

"Mama Neema, mi nauza tu, siko natengeneza. Batu banauliza bei na kamera. Hakuna mutu ameuliza hiyo."

"Na simu yako wewe, ni aina hii?"

Akaanza kupanga chaja.

Kwa hiyo nisikilize, wewe ambaye kesho utanunua simu. Ukiambiwa subiri, uliza unayemsubiri ni nani na kama bado anafanya kazi hiyo. Usinunue kabla muuzaji hajakufungulia ile tarehe ukaisoma kwa macho yako, na kama hataki, mwachie simu yake. Maandishi yakijitokeza kwenye kioo, yasome. Na mtoto wako akihitaji kitu, azima, omba, aibika. Haya itakwisha jioni, mguu hautangoja. Mungu akupe macho ya kusoma maandishi madogo na mdomo usioogopa kuuliza mbele ya watu. Akulindie watoto, nao wakukimbilie kwa miguu yao.

Kesho yake, baada ya Jumanne ile, niliandika haya, nikayapeleka kwenye ofisi ya uchumi ya muji, wakanipigia muhuri kwenye nakala yangu:

"Bwana mkuu wa ofisi,

Mimi, mama wa mtoto Neema, mkaaji wa Baraka, nashitaki duka lililoniuzia kama mpya simu ambayo watengenezaji wake waliiacha miaka mingi kabla. Mwenye duka aliniambia kwa wiki saba kwamba programu yake inakuja. Haikuwa inakuja. Kwa sababu hiyo mtoto wangu amekosa kufuatiliwa na mganga wake wa Bukavu, na mguu wake umerudi kupinda. Mwalimu aliyeipima simu yuko tayari kusema mbele yenu.

Naomba mwenye duka aitwe. Naomba abadilishe simu hii kwa nyingine ambayo bado inahudumiwa, na kila muuza simu wa muji huu alazimishwe kubandika juu ya boksi tarehe ambayo simu itaacha kuletewa programu. Tunajua kusoma.

Alhamisi nasafiri na mtoto kwenda kufungwa plasta. Nikirudi nitapita kwenu kila Jumatatu, pamoja naye, mpaka munijibu kwa maandishi."