Kilio cha Hockley

Nyumbani kwetu machungwa hayakuwa yakinunuliwa. Matufaha, ndizi, zabibu zikiwa rahisi, hivyo vyote mama alivileta, lakini chungwa likiingia mlangoni alikunja uso, nasi tukazoea. Basi wiki iliyopita mwanangu karudi na chungwa alilopewa shuleni, kalimenya, na maganda kayapanga juu ya hita. Niliporudi kazini, harufu ikanipokea mlangoni kabla ya mtu yeyote. Nikasimama na koti langu mwilini. Mwenzenu nimeshapita miaka arobaini, lakini harufu ile ilinikuta nina miaka saba tena, nimekaa juu ya kreti ndani ya karakana moja ya Hockley, hapa Birmingham, na mzee wa Kitaliano ananimenyea chungwa kwa kisu kidogo, ganda linashuka refu bila kukatika.

Kumbe jioni ileile televisheni ilikuwa ikitangaza kwamba amekufa.

Jina lake mtalisikia kwingine. Sisi tulimwita Mzee wa Machungwa, na kwangu atabaki hivyo. Alikuwa mwongozaji filamu mkubwa, na sasa kwa kuwa hayupo kila mtu ana lake la kusema. Wengine wanaapa kwamba hajatokea kama yeye. Wengine wanasema alikuwa mtesaji tu, aliyewasimamisha waigizaji kwenye maji ya baridi mpaka midomo ikabadilika rangi, wala hakuomba radhi. Mimi naona wote wanasema kweli, na msinibishie, maana nilikula machungwa yake.

Alikuja Birmingham kutafuta sura. Safari hii hakutaka waigizaji, alitaka watu ambao hawajawahi kusimama mbele ya kamera. Filamu yenyewe ilimhusu mama mgeni ambaye mtoto wake anafia kiwandani. Mama yangu wakati huo alikuwa akishona nguo za watu nyumbani kwetu Tyseley, na mmoja wa wateja wake alikuwa Njeri, mwanafunzi wa Kikenya ambaye wale Wataliano walimchukua awe mkalimani. Njeri ndiye aliyempeleka. Baba, fundi wa mabehewa kwenye depo ya treni, alicheka mpaka akakohoa. "Haya, nenda ukawe nyota," akamwambia mama. "Ukishatajirika usijitie hutujui." Shule zilikuwa zimefungwa na hapakuwa na wa kuniachia, nikafuatana naye.

Siku za mwanzo zilikuwa raha tupu. Karakana ilinuka mafuta ya mashine na vumbi la shaba, na mama alikuwa akitembea na ndoo kutoka mlango huu hadi ule, anarudishwa, anatembea tena, kavaa kanga yake mwenyewe maana mzee alizikataa nguo za kuazima. Kiingereza cha mzee kilikuwa cha kuokoteza kama cha mama, wakawa wanasikilizana kwa mikono. Mimi nilimganda kama kupe. Hakuna mtu mzima aliyekuwa na subira nami kama yeye. Alinionyesha jinsi ya kutazama kupitia kamera, akaninyanyua nifike, na nilipokosea hakunikemea.

Shida ilikuja siku ya kulia. Mama alishindwa. Alijifunika uso, akatikisa mabega, mzee akatikisa kichwa. Wakarudia, wakarudia tena, watu wote wamechoka. Mwisho mama akamwambia Njeri, "Mwambie mimi sijui kulia hivyo. Nimefundishwa kulilia ndani." Njeri akafasiri. Mzee akamtazama mama, halafu akaja akanishika mkono.

Alinipeleka chumba cha nyuma, kwenye lifti ya zamani ya kupandishia mizigo. Akanipa chungwa zima, akaweka kidole mdomoni, yaani tucheze mchezo wa kunyamaza. Akaniacha na mwanamke mmoja wa watu wake. Mimi namenya zangu chungwa, nimefurahi, sijui kwamba huko nje ameshamwambia Njeri habari, na Njeri, maskini, ameziamini. Nikamsikia akikimbia na kupiga kelele: "Mama Zuhura! Mama Zuhura, mtoto ameanguka kwa lifti! Hapumui!"

Sikuwahi kumsikia mama yangu akilia kabla ya hapo. Sauti ilianza chini, kama mtu anayenyanyua gunia, kisha ikapanda ikaijaza karakana nzima. Nikataka kutoka, yule mwanamke akaniziba mdomo. Na hapo ndipo nilipolisikia jina. Mama hakuita Zuhura. Aliita, "Salum! Salum wangu! Mwanangu Salum, nimekuacha na nani?"

Waliponitoa alinipapasa kichwa, mikono, miguu, akaninusa shingo. Njeri alikuwa kakaa sakafuni. "Mama, nisamehe," alikuwa akisema, "hata mimi nimedanganywa." Mzee naye alikuwa analia, machozi ya kweli yanamtiririka, huku anapiga makofi. Akaokota chungwa langu lililoanguka, akalifuta, akamnyooshea mama. Mama akalitazama, akanifunga vifungo vya koti, tukaondoka. Hakurudi tena, wala hawakumhitaji, walishapata walichokitaka.

Na mimi, nyie, ndani ya basi nilikuwa nimenuna. Nilimwuliza mama huyo Salum ni nani hata nife mimi aitwe yeye. Mama akageukia dirishani. Jioni nikamwuliza baba, na baba yangu, mtu wa mizaha na kila mtu, akaweka kijiko chini. "Jina hilo halitajwi humu ndani," akasema. "Na filamu hiyo haitaingia nyumba hii."

Nilipokua kidogo nikajitungia jibu langu: Salum ni mchumba wa mama wa zamani, na baba ana wivu. Nikawa namtazama mama kwa jicho la pembeni, namwonea baba huruma. Siku moja shangazi mmoja alipiga simu kutoka Unguja akamtaka Mama Salum. Nikamjibu kwa adabu zangu zote kwamba hapa hakuna Mama Salum, hapa ni kwa Mama Zuhura, nikakata. Mama alikuwa nyuma yangu na mkasi mkononi. Akarudi kwenye cherehani yake.

Ukweli nilikuja kuupata nimeshaolewa, baba tumeshamzika, na shangazi yuleyule kaja kutupa pole. Salum alikuwa kaka yangu. Alifariki kwa homa huko Unguja kabla sijazaliwa, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Walimzika mchana uleule, na mama alipotaka kulia wakamnyamazisha, mtoto mdogo ni ndege wa peponi, haliliwi. Safari ya kuja huku ilikuwa imeshapangwa. Hata matanga hayajaanuliwa, wakapanda ndege. Baba akaona dawa ni kutolitaja jina. Kwao alikuwa Baba Salum, na huku akaishi na akafa akiitwa kwa jina langu mimi. Sikupata hata siku moja kumwita kwa lake, na hilo linaniuma mpaka leo. Na bado, baada ya kuyajua yote hayo, tukaendelea kunyamaza, mimi na mama, kila mmoja akidhani anamsitiri mwenzake.

Sasa jioni ile ya wiki iliyopita mama alikuwa kakaa kwenye kiti chake sebuleni kwetu. Mtangazaji akasema wanatuonyesha kipande mashuhuri kuliko vyote alivyoviacha marehemu. Nikaikimbilia rimoti.

"Acha," mama akasema.

Uso wake ukajaa kwenye kioo, na kanga yake, msichana mdogo kuliko mimi nilivyo leo. Chini yake, kwenye tafsiri ya maneno yake, walikuwa wameandika jina la yule mtoto wa filamu badala ya Salum, na dunia nzima imekuwa ikisoma jina hilo miaka yote. Mwanangu akasikia lililokuwa likiitwa. Akauliza kwa Kiingereza chake, yule ni bibi? Na Salum ni nani?

"Ni mjomba wako," mama akamjibu kwa Kiswahili, taratibu. "Namlilia." Kisha akanigeukia. "Mzee yule alinidhulumu, Zuhura, na sikumsamehe. Lakini mwanangu hakuliliwa mahali pengine popote."

Nilikuwa nimemchukia mtu yule kwa uongo wake. Alimwambia mama kwamba mtoto wake amekufa, akamtoa roho kwa muda wa filamu. Lakini sisi wa nyumbani, tuliompenda, tulimfanya aishi kana kwamba mtoto huyo hakuwahi kuzaliwa, na sisi hatukumaliza kwa siku moja.

Kipande kikaisha, wakahamia habari za mpira. Nikaizima televisheni.

"Mama Salum," nikamwita.

"Labeka," akaitika upesi, kama binti aliyeitwa na wakubwa zake. Nikamwita tena.