Msalaba Nilioukwangua

Nisikilize mpaka mwisho, ndipo uniite mwongo. Haya yalinipata mimi nikikaa mtaa wa Igogo, karibu na ziwa, mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa.

Nilikuwa na ugonjwa wa kukusanya picha za kale. Watu wakifungasha, picha za wazee wao zilibaki. Mimi nilizichukua nikazisafisha. Hakuna aliyenifundisha. Nilitumia pamba na ncha ya wembe, na doa moja likibaki sikupata usingizi. Nakiri, nilijivuna.

Jirani yangu Bibi Justa, Mhaya, aliniazima picha ya kwao: dada zake wawili wamesimama, yeye mtoto amekaa miguuni pao. Juu ya kichwa cha dada mkubwa palikuwa na msalaba mdogo wa wino. Nyumba nyingi huweka alama hiyo kwa aliyefariki. Nilijua. Ila macho yangu yaliona uchafu tu. Nikaukwangua, wembe ukateleza, ukachubua na paji la uso.

Kesho yake mchana, mvua kubwa ikipiga kutoka ziwani, mwanamke alisimama mlangoni. Gauni lake lilikuwa kavu.

"Shikamoo, dada."

Hakuitikia. Nani haitikii shikamoo?

"Wewe ndiye fundi wa picha?"

"Najaribu tu."

"Fundi gani hajui kushika wembe?" Akacheka. "Umenifungulia, halafu umenichubua."

Akasogeza kitambaa cha kichwani. Kwenye paji palikuwa na alama nyeupe, bila damu, kama karatasi iliyochanika.

"Justa anakaa wapi? Nimekuja kumchukua. Nilimwacha mdogo mno."

Justa tupu! Mtaa mzima hakuna kijana aliyethubutu kumwita bibi yule hivyo. Naye alikuwa mlango wa tatu tu; nilimsikia akifukuza kuku. Wewe ungejibu nini?

"Wamemhamisha," nikasema. "Kijijini huko, kupita Buswelu."

"Mbona unatetemeka?"

"Baridi."

Alinitazama usoni. Kisha akaondoka, na tope la mlangoni halikupata unyayo hata mmoja.

Nilishika kalamu nirudishe msalaba. Niamini, mkono ulitulia kabisa. Lakini karatasi iliyokwanguliwa haishiki wino, inaunywa. Wino ukasambaa, ukashuka begani kwa dada, ukaelekea kichwa cha yule mtoto aliyekaa chini. Nikaukandamiza kwa pamba huku nikilia. Ulisimama kabla ya kugusa nywele zake, pakibaki nafasi ya punje moja ya mchele.

Picha ninayo bado, ndani ya kopo la biskuti, mbali na unyevu. Kila masika nalifungua kupima ile nafasi. Bibi Justa akiniona hunitania kama mjukuu wake, akipaza sauti: "We mume wangu, dada zangu umewala?" Nacheka, nasema bado nawasafisha. Nitamwambiaje?

Na watokao Buswelu wanasimulia kuhusu mwanamke anayebisha hodi wakati wa mvua, nyumba hadi nyumba, akiuliza jina moja. Nyumba za kule zina mwisho. Atakapozimaliza, anajua nani alimdanganya.

Kwa hiyo, ukiwa na picha ya kale yenye alama inayokukera, iache ilivyo. Na mtu akija kwako mkavu katikati ya mvua, ukamwamkia asiitikie, usimwelekeze popote. Hata kwa uongo.