Nyota Iliyofumuliwa

Sisi tuliovuka kwenda Maore na kuku mkononi, bila karatasi yoyote mfukoni, tunazidi kupungua, na mimi leo nayasimulia haya nikiwa na hasira. Wa rika langu mtanielewa. Wadogo mtavumilia.

Kwa wasiotujua, kwetu ni Komoro, visiwa vinne vilivyo kati ya Msumbiji na kisiwa kikubwa cha Bukini. Ngazija ndicho kikubwa na kina volkano. Mwali ndicho kidogo. Ndzuani, nilikozaliwa mimi, kina pembe tatu kama sambusa, na mji wetu wa Domoni uko upande wa mashariki. Cha nne ni Maore. Nimesema vinne, na nitarudia kusema vinne mpaka nichoke. Hapa Johannesburg watu wa Tanga na Dar huniita Mngazija, hata mume wangu ambaye nimemzalia mtoto. Nikimwambia mimi ni Mndzuani, anasema kwao Tanga wote ni Wangazija tu, na kwamba nchi yetu nzima unaweza kuipanga kwenye rafu za ghala la mizigo kule Midrand anakofanya kazi. Huo utani nimeuzoea. Lililonichoma ni jingine, na lilitoka kwa binti yangu mwenyewe.

Binti yangu anaitwa Nasra, yuko gredi ya sita. Mwezi uliopita, mwanzoni mwa huu mwaka wa 2018, walipewa kazi shuleni: kila mtoto achague taifa dogo la visiwani, aeleze jiografia yake, watu wake na serikali yake, halafu atengeneze bendera. Darasa zima likakimbilia visiwa vya kwenye matangazo ya fungate. Nasra akachagua Komoro. Nilifurahi mpaka nikampikia mkate wa sinia katikati ya wiki. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba Doornfontein, orofa ya pili ya jengo ambalo zamani lilikuwa kiwanda, na ninashirikiana na Mama Beatrisi, Mkongo wa Lubumbashi. Nasra akitoka shule huja pale. Basi nikampa mabaki ya vitambaa: njano, nyeupe, nyekundu na bluu kwa ile milia minne, kijani kwa pembetatu ya ubavuni, na nyeupe tena kwa mwezi na nyota nne. Akashona mwenyewe kwa mkono. Mishono yake ilikuwa mikubwa kama ya magunia, lakini sikuingilia.

Kesho yake, nikifagia, nikaikuta nyota moja sakafuni chini ya cherehani. Nikadhani imebanduka. Nikamwita aje aishone. Akanijibu bila kunyanyua macho kwenye simu, "Eish, Mama, nimeifumua mimi. Mtandao unasema visiwa ni vitatu. Bendera yako ilikuwa imekosea."

Bendera yangu imekosea. Akanionyesha ukurasa wenyewe. Kila kitu kilikuwapo: eneo, mji mkuu, vanila, karafuu, urais unaozungushwa kwa zamu kutoka kisiwa hadi kisiwa. Visiwa vikuu vitatu. Maore imetajwa chini kabisa, kwa maandishi ya kutafutwa kwa miwani, kuwa ni mali ya wenyewe Wafaransa. Mama Beatrisi, aliyekuwa akipiga pasi gauni la harusi, akaona ninavyotweta akasema, "Eh mama, muache mutoto. Bakisema tatu, aandike tatu, apate point yake." Nilikaa kwenye kiti changu nikaishika ile nyota, maana mimi idadi ya visiwa vyetu sikufundishwa kwa simu. Nilifundishwa kwa miguu.

Mwalimu wetu wa darasa la tatu hakuwa na ramani. Iliyokuwapo ililiwa na mchwa, wakaanzia Ulaya wakamaliza Afrika. Kwa hiyo alitutoa nje, akachukua kijiti, akachora visiwa vyetu kwenye mchanga mweusi wa uwanjani, kila kimoja mahali pake na kwa ukubwa wake, akaweka kokoto moja ndani ya kila kisiwa. Unaanzia Ngazija kwa mguu mmoja. Unaokota kokoto, unaruka Mwali, unaokota, unaruka Ndzuani, unaokota, kisha unajikaza uruke Maore. Hapo katikati alikuwa ameacha nafasi pana kwa makusudi, na wengi tuliangukia baharini hapo, magoti yakachubuka, sare zikajaa vumbi jeusi lisilotoka hata kwa sabuni ya mche. Mchezo ule ulikuwa na sheria moja tu. Ukikosa Maore unarudisha kokoto zote, unaanza upya Ngazija. Mtoto wa mkuu wa polisi alijaribu siku moja kuondoka na tatu zake, akasema zinamtosha. Tulimzomea mpaka akarudi Ngazija huku analia.

Serikali nayo tulifundishwa, ingawa kuikariri kulikuwa na kazi kwa sababu haikutulia. Wazee walihesabu mapinduzi kama wengine wanavyohesabu vimbunga, na baba yangu, karani wa posta, alizoea kusema kwamba rais wetu analala na viatu. Kila aliyeingia alikuja na lake. Bendera ikabadilishwa rangi, mwezi ukageuzwa huku na kule, lakini nyota hakuna aliyethubutu kuzipunguza. Watu waliopindua nchi nzima kwa bunduki waliziacha nne. Leo mtoto wa gredi ya sita ameipunguza moja kwa sindano, tena sindano yangu.

Na mimi Maore haikuwa kokoto tu. Mama yangu alizaliwa huko, akaolewa Domoni, na kila likizo alitupeleka kwao. Asubuhi ya safari mji mzima ulinuka mlangilangi, maana wanawake walishatoka kuchuma maua na mitambo ya kukamulia mafuta ilikuwa imekwisha kuwashwa. Mama alitupaka liwa usoni ili jua lisituunguze, tukawa weupe kama vinyago, tukachekana njia nzima. Mkononi nilishika kuku aliyefungwa miguu. Kwenye kikapu kulikuwa na shelisheli la kuchoma, na kwenye kopo la maziwa kulikuwa na ladu zilizotiwa pilipili manga nyingi mpaka machozi yanatoka, na bado unaomba nyingine. Majirani wakiuliza tunakwenda wapi, mama alijibu neno lile lile miaka yote: "Nakwenda chumba cha pili." Kwake Domoni na Maore ilikuwa nyumba moja yenye ukumbi wa maji.

Nchi ilipopata uhuru Maore ilibaki mikononi mwa Wafaransa, hilo tulilijua hata watoto, lakini lilikuwa la wakubwa na redio zao. Boti zilikwenda na kurudi. Tukiteremka hakuna mtu aliyetuuliza jina. Aliyetupokea ni mama mkubwa, dada yake mama, na ukaguzi wake ulikuwa wa kutuminya mikono aone kama tumenona. "Huko Ndzuani hawawalishi?" alisema kila mwaka, hata mwaka ule niliokuwa mnene mpaka gauni la Idi likagoma kufunga. Basi tulikula mpaka tukalala pale pale mkekani. Watoto wa siku hizi wakitaka kujua kama mvua inanyesha hutazama simu, na dirisha liko mbele yao. Sisi tulijua hali ya hewa ya Maore kwa kupanda juu ya paa la nyumba Domoni. Siku isiyo na mawingu, kisiwa kilikuwa pale, kinaonekana kwa macho.

Kisha Wafaransa wakaleta viza ya kuingia Maore. Mimi nilikuwa nimekwisha kupelekwa Unguja kwa shangazi, ndiko nilikopata Kiswahili hiki na ufundi huu. Chumba cha pili kikatiwa kufuli, na ufunguo akapewa mtu asiyekaa nyumbani kwetu. Watu wetu wakaanza kuvuka kwa kujificha, kwenye viboti vilivyojazwa kupita kiasi, na maji yale yale tuliyoyavuka tukila ladu yakaanza kuzika watu. Wanaofika salama wanaitwa wahamiaji haramu. Mtu wa Domoni, ambaye mama yake kazaliwa Maore, anaitwa haramu Maore. Kuna siku nikilifikiria hilo nakata kitambaa cha mteja vibaya.

Baba alipofariki, mama alirudi kwao kumuuguza mama mkubwa, na hata mama mkubwa alipotangulia, yeye akabaki huko. Nasra alimjua kwa simu tu. Alimwita Koko, ndivyo tunavyowaita bibi zetu, na Koko alikuwa na swali moja kwa mjukuu wake: umekula? Mwaka juzi Koko akafariki. Mazishi nilijua siyawahi. Nilitaka kuwahi arobaini, nisome khitma kaburini kwake, basi. Nikapanga foleni kwenye ofisi ya viza ya Wafaransa, na miongoni mwa walivyovitaka ilikuwa barua ya mwaliko kutoka kwa mwenyeji wangu. Mwenyeji wangu alikuwa kaburini. Kijana wa dirishani, sitamsingizia, alikuwa na adabu zake, akanishauri nitafute mtu mwingine wa kunialika. Nikamwambia nakwenda kwa mama yangu. Akauliza nina uhusiano gani na nchi ile. Nilimtazama nikakosa la kumwambia, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba siku ile nilikosa la kusema, mimi ninayeongea kutwa. Jibu lilikuja kwa barua fupi. Hawakuridhika kwamba nitarudi.

Arobaini ikasomwa bila mimi. Nilipika pilau hapa hapa Doornfontein, majirani wakala, wakaniombea. Nasra nilimwambia sikusafiri kwa sababu kazi zilikuwa nyingi. Kosa langu ndilo hilo. Nilimficha mtoto, halafu nikashangaa kumwona anafumua nyota. Angejuaje, na mimi sikumwambia?

Basi siku ile ya nyota nikainuka kitini, nikachukua chaki ya kukatia vitambaa, nikaviringisha mabaki yote pembeni, nikapiga magoti na umri huu wangu, nikavichora vile visiwa kwenye sakafu ya saruji. Ngazija karibu na mlango, Maore karibu na dirisha. Nikaweka vifungo vinne vya koti badala ya kokoto, nikarudi kitini na ile nyota mapajani, nikamweleza sheria. Nasra akajifanya mkubwa wa kucheza michezo hiyo, kisha akaruka, na viatu vyake vya shule. Alikosa Maore mara mbili, na mara mbili Mama Beatrisi, yule yule wa "apate point yake", akamrudisha Ngazija kwa ukali akimwonyesha kwa pasi. Mara ya tatu akafika. Akiwa amesimama pale kwa mguu mmoja, vifungo mkononi, nikamwambia, "Hapo uliposimama ndipo alipozikwa Koko." Nikamwambia na mengine yote: dirisha, barua ya mwaliko, arobaini.

Alishusha mguu taratibu. Alikuja akaichukua nyota mapajani mwangu, na Mama Beatrisi akamtungia uzi kwenye sindano. Uzi mweupe ulikuwa umeisha, akampa mwekundu. Nyota ikashonwa upande, na mishono yake inaonekana hadi mlangoni.

Siku ya kuwasilisha kazi wazazi tulialikwa. Nilikaa kiti cha nyuma, kile cha watoto, magoti yamenifika kifuani. Nasra akataja eneo, vanila na urais wa zamu. Mwalimu wake, dada mpole tu, akamuuliza kwa nini karatasi aliyochapisha inasema visiwa vitatu na bendera ina nyota nne, tena moja ina uzi mwekundu. Nasra akajibu kwa Kiingereza chao, mimi nawapeni kwa chetu: "Kwenye hiyo nyekundu amelala Koko wangu. Mama hakuruhusiwa kwenda." Mwalimu aliitazama tena ile nyota, kisha akaandika. Akakata alama moja: taarifa hazilingani. Nilishaanza kunyanyuka kwenye kile kiti nimfuate, Nasra akanishika mkono. "Iko sharp, Mama, iko sawa," akasema. "Twende."

Bendera tumeitundika chumbani kwetu juu ya meza ya kukatia, na wateja wanauliza. Nawajibu wote, wengine mpaka wanachelewa teksi zao. Zamani kuku wangu alivuka kwenda Maore bila kuulizwa neno, na leo mimi, mwenye pasipoti, kitambulisho na karatasi za kujaza begi, nimekuwa mgeni kwa mama yangu. Mchezo wetu wa kokoto walimu wa sasa hawaujui. Uwanja ule wa shule, nasikia, umemwagiwa saruji.

Jumapili iliyopita nilileta tena fomu ya viza nyumbani. Mwandiko wa Nasra ni mzuri kuliko wangu, kwa hiyo nilimpa yeye ajaze. Jina langu akajaza, mahali nilipozaliwa akajaza. Akafika pale wanapouliza nchi unayokwenda, akaniangalia.

"Andika Komoro," nikamwambia.

"Wataikataa, Mama."

"Najua."

Akaandika Komoro kwa herufi kubwa, akapuliza wino ukauke. "Wakiikataa," akasema, "tunaanza upya Ngazija."