Mchele wa matanga yangu

Leo nimeletewa mchele wa matanga yangu, na nimeula mwenyewe.

Ngojeni niwaeleze.

Jumatano ya Majivu nilizima simu mpaka Pasaka. Kila nikishika rozari mkono huu, mkono wa pili unafungua video za mbuzi. Mungu alikuwa anapata nusu ya mzee.

Nikamwambia katekista. Nikamwambia jirani yangu Bi Zainabu, akacheka: "Nyie mnafunga simu, wali mnakula."

Mwanangu Rafaeli nikamsahau.

Huyu ni dereva kwenye kambi ya gesi, kule Palma. Kutoka hapa Olumbi ni kupanda chapa moja tu, kibasi chetu cha huku, lakini mwaka wa pili huu hajafika. Anapiga simu: "Baba, kazi nyingi." Basi.

Asubuhi namenya muhogo uani, namwona anaingia, macho mekundu, mfuko wa mchele begani. Wiki tatu simu yangu haipatikani, akajua nimekufa.

Akautua mfuko chini.

"Baba, mbona uko hai?"

"Nisamehe, mwanangu. Nirudi ndani nikalale?"

Akakaa chini palepale, akalia. Mimi nami nikalia, nikasingizia muhogo.

Maana wiki zote hizo tatu nilikuwa namwomba Mungu jambo moja tu: huyu mtoto aje nyumbani.

Sasa amelala kwenye mkeka wangu, anakoroma. Naandika kwa simu yake, msimwambie katekista.

Kabla ya kulala ameniomba niwashe yangu.

Nyie mngekuwa mimi, mngewasha?