Jiwe la Nyuma ya Gurudumu

Jumamosi iliyopita nilibadilisha pedi za breki za nyuma za gari langu, hapa uani kwetu Nyeri, na ile harufu ikanirudisha mbali. Unaijua kama umewahi kufungua gurudumu: vumbi jeusi, chuma kilichopata moto, mafuta kidogo. Wengine hukumbushwa utoto wao na maua au sabuni ya kuogea. Mimi, Mungu anisamehe, hukumbushwa na vumbi la breki.

Kabla ya kushika jeki nilifungua buti, nikatoa jiwe, nikakinga nalo gurudumu la mbele. Si jiwe la ajabu. Ni la kijivu, ukubwa wa mkate, upande mmoja umelika. Jirani yangu aliyekuwa akianika nguo aliniuliza kwa nini mama mzima na kazi yake ya ofisi anazunguka na jiwe kwenye gari. Nikamwambia jiwe si langu, nimeazimwa. Alicheka, akaendelea na nguo zake. Wewe una nafasi kuliko yeye, kwa hiyo kaa nikueleze.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi, na alikuwa na gari jeupe lililofika kutoka Japani likiwa limeshachoka. Alilipenda gari lile. Jumamosi asubuhi, mama akikaanga mandazi ya iliki jikoni, baba alitoka na ndoo, kitambaa na redio ndogo, nasi watoto tukajua siku imeanza. Mama alizaliwa Majengo, mtaa wa Waswahili hapa mjini, na nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, baba akijikaza kufuata kwa Kiswahili chake cha milimani. Julai ilikuwa baridi ya kukata masikio. Mlima wenyewe ungeweza kujificha wiki mbili nzima ukasahau kama upo.

Mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti cha dereva baba akitengeneza gari. Kazi hiyo sikumpa mtu. Yeye akiwa chini huko nyuma alipaza sauti, "Kanyaga!" nami nikakanyaga pedali kwa miguu yote miwili. "Achilia!" nikaachilia. Kisha alinifundisha breki ya mkono. Ukiivuta, hulia ka, ka, ka, na baba alitaka nihesabu ile milio. Gari letu lililia mara sita. "Ikipita nane," aliniambia, "ujue huko nyuma kuna shida." Nilijiona mhandisi kamili.

Mwaka huo nyanya alikuwa anapoteza macho. Huyu alikuwa mama yake baba, na sisi tulimwita shosho. Aliishi peke yake karibu na Kangema, kwenye boma lililokaa juu ya mteremko mkali, majani ya chai yakianzia mlangoni hadi chini mtoni. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe. Daktari wa hospitali ya huku Nyeri alisema akifanyiwa upasuaji mapema ataona, akichelewa basi. Alipangiwa siku mara mbili na mara zote mbili alikataa kutoka kwake. Sababu haikuwa kisu. Sababu ilikuwa gari. Zamani, akiwa mama kijana, alipanda lori la kubeba majani ya chai, likazimika mlimani na kurudi nyuma likiwa na watu, na tangu siku hiyo alitembea kwa miguu.

Baba alienda kumbembeleza mpaka akakubali. "Nitapanda gari ya mtoto wangu," alisema, "hiyo ingine hapana. Na ikinitisha siku moja tu, sitapanda tena. Nitakaa na giza yangu." Aliyasema hayo mbele yetu sote, na tulimjua. Alikuwa mtu wa neno moja.

Ndipo breki za nyuma zikaanza kupiga kelele, wiki ile ile ya kumchukua. Huko Majengo kulikuwa na fundi mzee, jirani wa mama tangu utoto, ambaye angeimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. Lakini baba hakumpenda sana, kwa sababu siku moja fundi alimwambia mbele ya watu, "Mwalimu, chaki na spana ni ndugu wa mbali." Baba akanunua pedi mpya, akaja nazo nyumbani kwenye mfuko wa mkate. "Nafundisha watoto mambo ya msuguano," alisema, "nitashindwa na pedi?"

Akapiga jeki, akafungua gurudumu, akatoa kalipa, kile chuma kinachobana diski. Pedi za zamani zilikuwa zimekwisha kabisa, chuma kimebaki kusaga chuma. Sasa, ili pedi mpya zilizo nene ziingie, ni lazima pistoni iliyo ndani ya kalipa irudi nyuma. Za mbele alishawahi kuzisukuma kwa kibanio cha seremala zikarudi bila shida. Hii ya nyuma ilikataa. Akakaza kibanio. Ikakataa. Akaleta kipande cha bomba, akakitia kwenye mpini wa kibanio ili apate nguvu, akaegemea kwa uzito wake wote. Nilisikia kitu kikilia huko ndani, ta! Pistoni ikaingia. "Umeona?" baba akasema huku akipangusa jasho. "Ni nguvu tu." Upande wa pili akafanya vivyo hivyo.

Kisha ikawa zamu yangu. Kanyaga, achilia, kanyaga, achilia, mpaka pedali iliyokuwa ikizama hadi chini ikasimama imara. Ikabaki breki ya mkono. Nikaivuta nikihesabu kwa sauti. Nilipofika sita haikukaza. Nane, haikukaza. Ilikuja kushika kumi na moja, tena kwa kujivuta.

"Baba, kumi na moja."

Baba alipangusa mikono. Akaja, akavuta mwenyewe, akasukuma gari kwa bega. Pale uani ni tambarare, gari halikwenda. "Itajikaza yenyewe tukitembea," alisema. Halafu akaniangalia. "Shosho asisikie hii maneno. Umesikia? Akisikia, haji."

Nilielewa. Usinione mtoto mbaya. Nilitaka nyanya aone.

Jumapili baada ya ibada tulishika njia, mimi na baba, tukapita Othaya na Kiria-ini, tukapanda na kushuka migongo ile yote. Breki za mguu zilishika vizuri, kimya, na baba akaanza kupiga mluzi. Tulipofika kwa nyanya, akaegesha nje ya lango, mkia wa gari ukiangalia bonde. Alivuta breki ya mkono kwa nguvu. Nilihesabu kimoyomoyo: kumi na tatu.

Lazima nikwambie jambo moja kuhusu watu wa kwetu. Milimani, gari likisimama kwenye mteremko, mtu hushuka na jiwe kukinga gurudumu. Ni kawaida tu. Lakini jiwe lile ni lazima lirudishwe kando ukiondoka, maana ukiliacha barabarani atakayeligonga ni mwenzako gizani. Nyanya alikuwa mkali sana juu ya hilo. "Jiwe ikikusaidia, irudishe kwao," alisema, na siku moja alimrudisha baba nusu maili kwa miguu aende akatoe jiwe alilolisahau njiani.

Basi nyanya alitoka kutusalimu, mkono mmoja ukipapasa ua. Alinishika uso kwa viganja vyake vilivyonuka moshi na majani ya chai. Kisha akalipapasa gari kutoka mbele hadi nyuma, akainama, akatoa jiwe kwenye ukingo wa bustani, akaliweka nyuma ya gurudumu. Kwa kuwa hakuona vizuri, liliangukia hatua moja nyuma, halikugusa tairi.

"Mama, breki ni mpya," baba alisema, ameumia kidogo. "Nimeweka jana."

"Nimesikia. Acha jiwe ikae tu."

Tukaingia ndani. Alikuwa ametuchemshia nduma, yaani magimbi, na chai ya maziwa iliyokolea mpaka rangi ikawa ya udongo. Nilikula huku moshi ukiniwasha macho, baba na mama yake wakisemezana mambo ya mashamba. Nyanya alikaa karibu na mlango. Mara moja alinyanyua kichwa na kunyamaza, kikombe kikiwa njiani, kisha akaendelea kunywa.

Tulipotoka kupakia mkoba wake, mimi na baba tulitangulia. Gari lilikuwa limerudi nyuma hatua nzima. Tairi lilikuwa limelikalia lile jiwe, jiwe limezama nusu kwenye udongo, na nyuma yake hakukuwa na kitu ila chai na bonde na mto chini. Baba alisimama akashika kichwa. Sijamwona tena baba na uso ule. Alichuchumaa, akalishika jiwe, halafu akaniangalia.

Nyanya akaja nyuma yetu na fimbo yake. Hakuona chochote, au ndivyo nilivyodhani. Alinyoosha mkono akanipata begani.

"Wewe ndio hukaa hapo kwa stelingi," alisema. "Niambie. Hii gari iko sawa?"

Nikikwambia nilifikiri sana nitakuwa naongeza chumvi. Niliona tu macho yake meupe. Nikajibu kwa sauti niliyoitumia kukariri kanisani, "Iko sawa, shosho."

Alinipigapiga begani. Kisha akasema, "Haya. Lakini wekeni hiyo jiwe kwa buti. Mtanirudishia mkija."

Baba aliendesha mpaka Nyeri polepole kuliko baiskeli, na kila tuliposimama alikanyaga pedali bila kuiachilia hadi nishuke na jiwe. Jumatatu nyanya alipasuliwa. Siku hiyo hiyo baba alimeza kiburi chake akapeleka gari Majengo. Fundi alifungua, akachungulia, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwalimu, pistoni ya mbele ndiyo husukumwa. Ya nyuma imeshikana na breki ya mkono, yataka kuzungushwa ikirudi, kama kifuniko cha chupa. Wewe umevunja utumbo wake." Baba akalipa. Mwaka mzima uliofuata, kila tulipopita pale, fundi alizungusha mkono hewani kumsalimu.

Nyanya alitolewa bandeji, akakaa kwetu siku chache mama akimtia dawa. Jioni moja tulikuwa wawili barazani. Aliniita karibu, akanishika kidevu, akaniangalia kwa muda mrefu, jicho moja jekundu bado.

"Hiyo siku nilisikia gari ikirudi," alisema. "Nilisikia ikigonga jiwe. Nilikuwa nakunywa chai. Na hata mkikuja, hiyo kitu ya mkono ililia sana. Zamani ilikuwa inalia kidogo."

Nilitamani ardhi inimeze. "Sasa mbona ulipanda, shosho?"

"Nilitaka kuona hii uso," akasema, "yenye inaweza kunidanganya na sauti tamu hivyo." Akacheka, nami nikalia, akanifuta kwa kona ya leso yake. Hakumwambia baba.

Tulipomrudisha Kangema, breki zikiwa nzima, tulisahau jiwe. Baba alikuwa amelitoa ili buti lioshwe, likabaki uani. Nyanya alipouliza, "Jiwe yangu iko wapi?" tukaona haya. Safari iliyofuata tukasahau tena, na ile ya tatu nadhani hatukusahau hasa. Ukawa mchezo. Kabla hata hatujazima injini angekuwa langoni, macho yakimeta, "Jiwe yangu?" Baba angejipiga kwenye paji la uso, nyanya angetikisa kichwa: basi mtarudi, mtoto hawezi kukaa na deni ya jiwe. Aliona kwa miaka mingi baada ya hapo. Alichuma chai mwenyewe, akanikemea kwa sketi fupi kutoka ng'ambo ya bonde.

Siku hizi magari mengi breki ya mkono ni kitufe. Unabonyeza, taa inawaka, hakuna cha kuhesabu. Fundi wa Majengo hayupo, na pale alipofanyia kazi kuna maduka ya simu. Boma la nyanya limekatwa vipande, chai ya mteremkoni imeng'olewa, watu wasiotujua wamejenga nyumba za mawe. Moto wake wa kuni umezimika, na nduma ninayonunua sokoni haina moshi.

Jumamosi iliyopita nilizirudisha pistoni kwa kuzizungusha, taratibu, kwa kifaa chake. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda juani, sweta mbili mwilini. Yeye sasa ndiye asiyeona vizuri, na anasubiri siku yake kwa daktari. Nilipokaa kwenye usukani nikavuta breki ya mkono, aligeuza sikio.

"Imelia ngapi?"

"Sita, baba."

"Kweli?"

"Kweli."

"Weka jiwe," akasema.

Nikaliweka, kisha jioni nikalirudisha kwenye buti. Mwezi uliopita nilipita Kangema kwa mazishi ya jamaa, nikasimama mahali lango lilipokuwa. Nilikuwa nimelibeba jiwe, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa nimelisahau. Nilizima injini, nikangoja kidogo, lakini hakutoka mtu kuniuliza. Nikarudi nalo nyumbani.