Aliyetufungia Ukumbi wa Karate

Mwanangu, kabla sijakupa nasaha, niweke kumbukumbu sawa. Ukumbi wetu wa karate pale Rwezamenyo, Kigali, haukufungwa na vita wala na umaskini, kama wengine wanavyopenda kusema leo. Ulifungwa na afisa mmoja wa mtaa, mtu mzima mwenye akili timamu, aliyejua vizuri alichokuwa akikifanya. Jina lake siliandiki, akisoma atajijua.

Nakumbuka jioni ile ya mwaka 1992. Nilikuwa kijana, karani mpya wizarani, nikijifunza karate kwa Mwalimu Saidi, aliyekulia Bujumbura na kuujua mchezo huo huko. Alikuwa na sharti moja. Kabla ya kukanyaga mkeka ulivua viatu, kisha kitambulisho chako, kile kilichoandikwa kabila, ukakitia kapuni mlangoni. Halafu ukainama. "Heshima si utumwa," alizoea kusema. Nao vijana walioingia pale mabega yamewaanguka, kwa kuzoea kutukanwa njiani, baada ya muda walitembea nyuso juu.

Jioni hiyo afisa alipanda mkekani na viatu vyake. Alikuwa akikusanya vijana wa chama chake, wale wa kuvunja milango ya watu na kuwapiga. Akalimwaga kapu, akaanza kutenga vitambulisho mafungu mawili.

"Saidi, hawa ni wangu," alisema, akigusa fungu moja kwa ncha ya fimbo. "Kesho waje kwangu. Hawa wengine fukuza."

Ndipo Consolata, binti wa muuza nyanya wa mtaa jirani wa Gitega, mdogo kuliko sisi sote, akasogea, akamwinamia afisa kama tulivyomwinamia mshindani, akachutama, akaanza kuyachanganya mafungu yale na kuyarudisha kapuni.

"We binti! Mikono hiyo si ya kusongea ugali?"

"Ndiyo, mzee. Na ya kuokota alichomwaga mgeni."

Mtu akacheka nyuma. Afisa akainua fimbo. Consolata akasimama, miguu imara, mikono chini, akamtazama usoni. Mimi nilikuwa nimekwisha kukunja ngumi na kuruka mbele. Mwalimu akanidaka ukosi.

"Rudi, bwana karani! Huyu amekuja kutafuta ngumi. Ukimpa, umemtimizia haja yake."

Nilirudi na hasira ambayo sijaizika hadi leo. Fimbo ilikaa hewani, kisha ikashuka bila kumgusa mtu.

Asubuhi tulikuta kufuli mlangoni. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kwake, wa fungu hili wala lile. Alitafuta kwingine, na akawapata: vijana ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaambia kwamba wana thamani. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, tuliyaona aliyowafundisha. Consolata aliuawa katika siku hizo, mwanangu. Sitalipamba jambo hilo kwa maneno.

Samaki mkunje angali mbichi. Yule aliwakunja wake; nasi tusikubali tena kufungiwa mahali pa kuwakunja wetu. Jifunze karate, judo, mieleka, mchezo wowote wenye mwalimu mwadilifu. Usijifunze ili upige watu. Barabarani wapigaji wamejaa, na wengi wao ni waoga. Jifunze ili siku mkubwa atakapotaka kuuazima mkono wako kwa uovu, miguu yako ijue kusimama na kinywa chako kijue kukataa. Ajiheshimuye haazimwi. Mungu akuimarishe magoti, akulinde na mabwana wa namna ile, akujalie walimu kama Saidi.

Na wewe, afisa, ambaye sasa unapewa kiti cha mbele harusini: nadai rasmi, mimi mtumishi wa umma mstaafu, usimame mbele ya wazazi wa Rwezamenyo na Gitega, ueleze kwa kinywa chako kwa nini uliufunga ukumbi ule, na vijana uliowakusanya uliwatuma kwenye milango ya nani.